Kabla ya kupanga chumba Ngarenaro, Arusha, ujue mtaa kwanza

Dalali atakuonyesha chumba, mita ya Luku na choo. Watu utawatafuta mwenyewe. Sensa ya 2022 inasema Jiji la Arusha lina watu 617,631, ila haikuambii nani mtatenganishwa naye na ukuta tu.

Fika saa 12 asubuhi, usimame karibu na muuza supu. Mwarusha, Mchaga, Mrangi, Msomali, wote Kiswahili. Wakikasirika ndipo kila mmoja anarudi kwenye lugha ya kwao. Halafu chungulia masufuria ya mama lishe. Penye mtori na kiburu, wateja wengi ni wa Kilimanjaro. Penye loshoro, Wameru na Waarusha hawako mbali. Mimi sufuria naliamini kuliko dalali.

Rudi Ijumaa mchana, kisha Jumapili asubuhi. Adhana na kwaya utazisikia zote, na spika hazina huruma. Mwenye mtoto mchanga apime hapo hapo.

Mwisho kamwone balozi wa nyumba kumi. Muulize siku za maji na michango ya msiba. La msiba ndilo zito: wengine huchanga kwa mtaa mzima, wengine kwa chama cha watu wa kwao, na mpangaji mgeni huandikwa daftarini mapema tu.