Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kupimwa Usemi na Lugha

Anza na masikio. Kabla ya kukutana na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, mtoto apimwe usikivu, hata kama akiitwa anageuka, hata kama alipimwa siku chache baada ya kuzaliwa na majibu yakawa mazuri. Kugeuka hakutoshi. Mtoto anayesikia sauti nzito tu atashtuka mlango ukibamizwa, lakini "s" na "f" zitampita kabisa. Na kipimo cha uchanga hakiwezi kutabiri maji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio miaka miwili baadaye. Maji hayo huja na kuondoka: wiki hii anasikia vizuri, wiki ijayo anasikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Usimtoe nta kwa kijiti cha pamba ili "kumwandaa"; kijiti huisukuma ndani zaidi. Majibu ya kipimo hiki kipya cha usikivu yawe mkononi siku ya tathmini, maana bila hayo mtaalamu hawezi kujua kama mtoto hajui neno au hajawahi kulisikia sawasawa.

Pili, jiulize hasa kinachokusumbua ni nini. "Haongei vizuri" ni maneno yanayofunika matatizo tofauti kabisa. Mtoto anayesema "tutu amelala" akimaanisha kuku amelala ana sentensi nzima. Kilichoharibika ni sauti ya "k". Huyo ana suala la usemi. Mwenye miaka minne anayetamka kila sauti safi lakini akasema "mtoto lala kitanda" ana suala la lugha: viambishi (vipande kama "ame-" na "-ni" katika "amelala kitandani") na viunganishi havijakaa mahali pake. Suala la lugha ndilo hukawia kugunduliwa, kwa sababu sikio la mtu mzima hukamata matamshi mabovu upesi kuliko sentensi pungufu. Kigugumizi ni jambo la tatu, na huanza zaidi kati ya miaka miwili na mitano. Andika kilianza lini, na kama mtoto hurudia silabi, huvuta sauti au hukwama kimya huku uso ukikaza. Andika wasiwasi wako kwa sentensi moja yenye mfano halisi aliousema mtoto.

Wiki moja au mbili kabla, tenga daftari. Andika tarehe, alichotamka, alichomaanisha, na kama alijisemea mwenyewe au aliiga. Tamko huhesabika kuwa neno likiwa na maana ileile kila mara bila kuigwa, hata kama umbo lake halijakamilika: "ma" akitaka maji, leo na kesho, ni neno. Mlio wa ng'ombe ambao ndio jina lake la ng'ombe ni neno pia. Mtoto wa lugha mbili ahesabiwe maneno ya lugha zote mbili pamoja. Ukihesabu moja tu utamwona yuko nyuma kumbe hayuko. Kwa makadirio, akifika miezi 24 tunategemea maneno yapatayo 50 na aanze kuunganisha mawili, kama "baba njoo". Mtu asiyemzoea aelewe takriban nusu ya anachosema akiwa na miaka miwili, robo tatu akiwa na mitatu, na karibu chote akiwa na minne, ingawa "r" na "th" zaweza kuchelewa zaidi. Ikiwa alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka atimize miaka miwili.

Kuelewa ndiko wazazi wengi hukadiria kupita kiasi. Unasema "leta viatu tutoke" huku umesimama mlangoni, umeshika mkoba, macho yako yako kwenye viatu. Mtoto anavileta, nawe unasema anaelewa kila kitu. Amesoma macho yako, mkoba na saa ya kutoka. Huenda hakuhitaji neno hata moja. Jaribu hivi: weka kijiko, kiatu na mpira sakafuni, kaa, mikono mapajani, mtazame usoni, kisha sema kwa sauti ya kawaida, "nipe kijiko." Subiri sekunde kumi bila kuashiria wala kurudia. Mwenye miaka miwili na zaidi mpe agizo la sehemu mbili: "weka mpira kwenye kiatu." Fanya mara moja moja siku tofauti na uandike alichofanya. Usiugeuze mtihani wa kila jioni, na usimkaririshe majina ya picha akajibu vizuri siku ya kupimwa. Alama iliyopandishwa kwa kukariri humnyima msaada anaouhitaji.

Chukua pia video tatu za dakika tano hivi: akicheza na mtu anayemzoea, akila, na akiwa na watoto wenzake. Simu itulie mahali, usimfuate nayo. Mkizungumza usimuulize "hii ni nini?" mfululizo, kwani swali hilo huzaa jibu la neno moja. Sema unachokiona, kisha nyamaza. Mtaalamu hupenda kuchambua kauli 50 hadi 100 za mtoto, na chumba kigeni mara nyingi humziba mdomo.

Kwenye karatasi nyingine weka historia: uzito wa kuzaliwa, siku alizolazwa, manjano kali, homa ya uti wa mgongo, degedege, dawa alizotumia muda mrefu, na nani katika ukoo alichelewa kusema, ana kigugumizi, ni kiziwi au alihangaika sana kujifunza kusoma. Usione haya kutaja. Matatizo haya huelekea kurithiwa. Utepe wa chini ya ulimi utaangaliwa pia, ila kuukata hakumfundishi mtoto maneno.

Kuhusu lugha ya tathmini, uliza mapema. Jaribio lililosanifiwa kwa watoto wa lugha moja, yaani ambalo alama zake hulinganishwa na za watoto hao, likitafsiriwa papo hapo, alama zake hazina maana, ingawa mtaalamu aweza kulitumia kuangalia anachoweza mtoto. Omba mkalimani mtu mzima, si kaka wala dada yake, na umwombe asirekebishe makosa anapotafsiri. Makosa hayo ndiyo yanayotafutwa. Wala usiache kuzungumza naye lugha ya nyumbani: lugha mbili hazisababishi ugonjwa wa lugha, na aliye nao huonyesha dalili katika lugha zote mbili.

Siku yenyewe, chagua saa ambayo ameshalala na kula. Beba kitu anachokipenda. Akiulizwa, usimjibie, na usimnong'onezee.

Yapo mambo yasiyosubiri maandalizi haya: mwenye miezi 12 asiyetoa silabi kama "baba-baba" wala kupunga au kunyoosha mkono kuomba, mwenye miezi 18 asiye na neno hata moja, na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea. Huyo wa mwisho apelekwe kwa daktari wiki hiyohiyo, daftari au bila daftari.