Kuzunguka Jua: namna ya kuandaa siku ya kuzaliwa na siku za majira kwa hadithi, kumbukumbu na kazi ya mikono

Sherehe ya nyumbani inahitaji tendo moja linalorudiwa kila mwaka. Mapambo, muziki na zawadi havikosi kuja. Tendo lisipokuwepo, mwenye siku yake hukaa tu akisubiri zawadi, na wageni hawajui watazame wapi. Kwa siku ya kuzaliwa, tendo linalofaa kuliko mengi ni kuzunguka mshumaa: mshumaa ni Jua, mtu ni Dunia, na kila mzunguko ni mwaka mmoja wa maisha yake. Shule za Montessori, zinazomfundisha mtoto kwa kutenda, hulitumia sana, ila halihitaji shule wala vifaa maalumu.

Duara

Tafuta kamba ya mita 7, kadi 12 zenye majina ya miezi, mshumaa mnene, chupa ya kioo yenye mdomo wa sentimita 8 au zaidi, mchanga, na mpira wa kushikwa kwa mikono miwili. Funga chaki kwenye uzi wa mita 1, mwenzako ashikilie ncha ya pili katikati ya chumba, kisha chora duara na ulaze kamba juu ya mstari. Mzingo utakuwa kama mita 6.28, hivyo acha sentimita 52 hivi kati ya kadi na kadi. Zipange kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwa kuwa ndivyo Dunia inavyolizunguka Jua mtu akiitazama kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini. Kipimo cha haraka: mtembeaji akienda sawasawa, mshumaa uko mkono wake wa kushoto muda wote.

Mimina mchanga wa sentimita 3 ndani ya chupa, uchomeke mshumaa, na hakikisha mwali haupiti ukingo wa kioo. Chupa yenye mdomo mwembamba huunyima moto hewa: mwali unafifia, unatoa moshi, kisha unazimika mtoto akiwa mwaka wa tatu, na shughuli yote inasimama watu wakitafuta kiberiti. Feni nayo izimwe. Usipunguze ule uzi wa mita 1 ili duara litoshee kwenye chumba kidogo, maana nguo ndefu hupepea mtu anapogeuka. Chumba kikiwa kidogo, au mtembeaji akiwa hajafika miaka 3, weka taa ya betri ndani ya chupa na usiione kuwa ni pungufu.

Sasa kuhesabu, ambako ndiko wengi hukosea. Mwenye siku yake anasimama kwenye kadi ya mwezi aliozaliwa akiwa ameshika mpira, mfano wa Dunia. Hapo bado hajatembea: hiyo ni siku aliyozaliwa, na habari yake husimuliwa akiwa amesimama. Anazunguka mara moja, anarudi pale pale, anasimuliwa mwaka wa kwanza. Mtoto wa miaka 5 atazunguka mara 5 lakini atasimama mara 6. Anayehesabu vituo badala ya mizunguko humwongezea mtoto mwaka ambao hajauishi, na watoto hawakawii kugundua.

Kwa mtoto aliyevuka miaka 8, mpe hesabu halisi. Mzunguko mmoja wa Dunia ni takriban kilomita milioni 940, kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kila sekunde. Mwenye miaka 10 amekwishasafiri karibu kilomita bilioni 9.4, nyingi akiwa usingizini. Mzunguko huchukua siku 365 na karibu robo, ndiyo maana kuna Februari 29. Aliyezaliwa siku hiyo achague kati ya Februari 28 na Machi 1 mara moja, kisha asibadilishe. Kuhamahama kila mwaka ndiko kunakoifanya siku yake isahaulike.

Watu wazima je? Mizunguko 60 kwenye duara hili ni kama mita 377, na kizunguzungu juu. Mzunguko mmoja uwe miaka 10, na miaka iliyobaki iwe hatua. Mwenye 63 anazunguka mara 6, kisha anapiga hatua 3. Asiyeweza kutembea akae katikati karibu na mshumaa, na mjukuu amzungukie na mpira.

Kumbukumbu za kila kituo

Duara bila maneno ni mazoezi ya viungo. Anza kukusanya kumbukumbu wiki mbili kabla, moja kwa kila mwaka, sentensi mbili au tatu tu. Miaka mitatu ya mwanzo itatoka kwa wengine, kwani kwa kawaida mtu hakumbuki mambo ya kabla ya umri huo. Usimuulize mtu "unakumbuka nini?" Atakujibu kwamba alikuwa mtoto mzuri sana, basi. Uliza swali lenye mpini: Neno gani alikuwa akilikosea? Alikuwa anaogopa nini? Alilala na kitu gani mkononi? "Alikuwa akiuita mwezi *taa ya juu*, na ukifichwa na wingu analia" ni kumbukumbu. "Alikuwa mchangamfu" ni cheti cha tabia.

Andika kila moja kwenye kadi ya sentimita 10 kwa 15, uweke mwaka na jina la aliyesimulia. Ukiandika nyuma ya picha, tumia penseli laini, uandike pembeni. Kalamu ya wino huacha mkwaruzo unaoonekana upande wa mbele, na wino wake huweza kupenya.

Kuna miaka isiyosimulika hadharani: msiba, kutengana, ugonjwa. Muulize mwenye siku yake faraghani kabla, na akitaka mwaka huo upite kimya, kaeni kimya pumzi tatu halafu aendelee kutembea. Mtoto aliyelelewa na wasiomzaa aanziwe pale habari zake zinapojulikana. Usimtungie ukweli. Unaweza kumtungia hadithi, lakini hilo ni jambo jingine.

Hadithi yenyewe iwe ya dakika tatu kwa walio chini ya miaka 7, yaani maneno kama 300 yakisomwa polepole. Ianze kwa "Paukwa!" ili walioketi wajibu "Pakawa!", kwani kelele hiyo moja huwanyamazisha watu kuliko kuwaomba wanyamaze. Iwe na vitu vitatu: mahali mtoto alipokuwa kabla ya kuja, mlango aliopitia, na kitu alichobeba. Kitu hicho kiwepo kweli chumbani, kishikike: ganda la konokono, kitambaa, ufunguo wa zamani. Hadithi isiyo na kitu cha kushika hupotea wiki hiyo hiyo. Usiibadilishe mwaka unaofuata. Ongeza sentensi moja tu.

Siku ya majira

Hapa kazi ya kwanza ni kujua siku yenyewe. Mchana na usiku hukaribia kulingana kati ya Machi 19 na 21, na tena Septemba 22 au 23. Karibu na Juni 21 mchana ni mrefu kuliko siku zote kaskazini na mfupi kuliko siku zote kusini. Karibu na Desemba 21 mambo hugeuka. Kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo tofauti hizo zinavyopungua, na huko ni busara kusherehekea mvua ya kwanza kuliko kuazima baridi usiyokuwa nayo.

Kijiti kitakuonyesha zaidi ya kalenda. Simamisha kijiti cha mita 1 kwenye uwanja tambarare, ukikinyoosha kwa timazi: uzi wenye jiwe mwishoni. Mara moja kila mwezi, tarehe ile ile, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli pale kinapokuwa kifupi kuliko saa zote za siku. Wakati huo si lazima uwe saa sita kamili, kwa hiyo anza kupima saa moja kabla na uendelee hadi saa moja baada. Baada ya mwaka mawe yatakuwa yamejipanga mstari, na sherehe inafanyika siku kivuli kinapofika mwisho wa mstari na kuanza kurudi. Kijiti kikilegea na kuinama hata kidogo, mstari mzima unakudanganya. Kizamishe ardhini sentimita 30, juu ya hiyo mita 1.

Kwa siku ya giza refu, chagua kisa kinachochezeka. Kisa cha Amaterasu, mungu wa jua wa Japani, kilichoandikwa katika Kojiki mwaka 712, kinachezeka hasa: amekasirishwa na mdogo wake wa kiume, anajifungia pangoni, dunia inaingia giza. Miungu wanakusanyika nje, majogoo yanawika, mungu wa kike Ame no Uzume anacheza hadi wote wanacheka, na Amaterasu anachungulia kuona wanachekea nini. Analetewa kioo, anauona mng'ao wake mwenyewe, na anavutwa nje. Nyumbani tundika shuka kwenye kamba, mmoja akae nyuma na tochi, zima taa zote. Kazi ya wengine ni kumchekesha hadi achungulie. Anayeshika kioo akiinamishe kidogo ili mwanga uende darini, la sivyo utampiga mwenye tochi machoni.

Taa ya kutoka nayo

Chukua chupa ya jamu ya mililita 500. Changanya gundi nyeupe vipimo 2 na maji kipimo 1, chana karatasi za shashi vipande vya sentimita 3 au 4, ubandike kwa nje tabaka moja, vipande vikipandana kidogo tu. Tabaka la pili huimeza nuru. Maji yakizidi, rangi huchuruzika na zote kuishia kahawia. Acha ikauke usiku kucha.

Kwa mpini, kata waya wa mita 1, uzungushe mara mbili chini ya mdomo wa chupa, sokota kwa koleo, na uinue kiasi kinachobaki kiwe kama tao. Tao likiwa fupi, joto la mshumaa litaunguza vidole. Karatasi isipite ukingo wa juu hata milimita.

Yakiisha yote, weka kamba, kadi, mpira na chupa kwenye kisanduku kimoja, na juu yake kikaratasi: kiberiti kilikuwa wapi, nani alisimulia kupita kiasi, na mwaka ujao ni mizunguko mingapi.