Jinsi ya kuandaa ngoma za harusi kabla hujafika ukumbini (kwa madijei wanaoanza)

Dijei anayeanza akipata dili la harusi kitu cha kwanza anaingia mtandaoni kushusha nyimbo, anashusha mpaka fleshi ya GB 64 inajaa, afu siku yenyewe amesimama nyuma ya mashine anaskrol tu hajui apige nini na wimbo unaoenda umebakiza sekunde 20. Kazi ya kuchagua inafanyika nyumbani bana. Pale ukumbini hakuna utulivu, MC anakuita, mpiga picha anataka umsubiri, mtu wa kamati amekuja na rikwesti yake.

Kabla ya nyimbo anza na simu. Mpigie MC (bibi harusi muache, ana mambo mengi) uombe ratiba na uulize maswali mawili matatu. Kwanza sherehe ina msimamo gani, maana kuna harusi za walokole ni gospo mwanzo mwisho na ukithubutu kuchomeka bongo fleva moja tu mwenyekiti wa kamati anakufuata hapo hapo, na kuna familia za Kiislamu zinataka qaswida na taarab tulivu, nyimbo za matusi hawataki kusikia. Pili, na hili ndo wengi wanalisahau, familia zinatoka wapi. Ikifika zamu ya zawadi mashangazi wanaingia kwa mstari wanacheza, na kama ni Wahaya wanataka kuingia na ngoma ya kwao, Wasukuma ya kwao, Wanyakyusa hivyo hivyo. Ukiwapigia amapiano watacheza tu, hawana tabu, ila ukipiga ya nyumbani hata bibi aliyekuwa kakaa tangu saa 1 anainuka na kitenge chake. Tafuta 3 au 4 kwa kila upande, halafu mtafute mtu anayejua hiyo lugha asikilize kabla, usije ukapiga wimbo wa msiba kwenye harusi kisa biti ni nzuri.

Nyimbo za matukio (kuingia kwa maharusi, keki, shampeni, kufungua muziki) wanachagua wenyewe, we kazi yako ni kupata toleo sahihi. Ukichukua sauti ya kwenye video mara nyingi mwanzoni kuna watu wanaongea, mlango unagongwa, gari linapita, na maharusi wamesimama mlangoni wanasubiri mdundo. Chukua audio yenyewe. Weka kwenye folda yake peke yake, ziandike kwa namba kufuata ratiba, 01 kuingia, 02 wazazi, 03 keki, halafu weka kyuu (alama ya pale wimbo unapoanzia ukibonyeza) pale unapotaka ianzie. Ya keki kwa mfano mi naiweka kwenye kiitikio kabisa, kwa sababu MC akishahesabu tatu mbili moja hakuna anayetaka kusikia kinanda cha sekunde 40.

Sasa tuje kwenye kucheza. Piga hesabu: kama ratiba inakupa saa moja na nusu na kila wimbo unauachia kama dakika mbili na nusu, unahitaji nyimbo 36. Beba mara tatu yake, kama 110 hivi, zile unazozijua kwa moyo yaani unajua sauti inaingia wapi, kiitikio kiko wapi, inaishaje. Nyingine zote ziwepo kwenye maktaba kwa ajili ya dharura ila usizitegemee. Ukinambia unazo nyimbo 8,000 mi nitakuuliza umesikiliza ngapi.

Na usipange orodha ndefu ya kwanza mpaka ya mwisho, haitafuatwa, watu watakubadilishia. Panga mafungu ya nyimbo 3 au 4 ambazo tayari umejaribu kuziunga na unajua zinakubaliana: fungu la zilipendwa, la bolingo, la kwaito (hili usikose kabisa, watu wa harusi wakipanga ile mistari yao hawatoki), bongo fleva za miaka ya 2000, za sasa hivi, za Naija, amapiano, mduara, singeli. Kila fungu lijue mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Fungu likikataa, wimbo wa pili tu unaona watu wanarudi kwenye viti, unatoka, hujapoteza kitu. Mi naanza na za wazee kwa sababu wazee wanaondoka mapema, na ndo waliochangia hela nyingi, wape haki yao. Singeli mwisho.

Zilipendwa zinataka kazi ya ziada kuliko zote. Nyimbo za dansi za akina Marijani Rajab, Sikinde, Msondo, nyingi zina sehemu mbili, mwanzo wanaimba taratibu wanasimulia mkasa wao, halafu linakuja chemko ambapo magitaa na tarumbeta zinafunguka na watu wanaacha viti. Nyimbo za Kikongo vile vile zina sebene. Wimbo wa dakika 8 ukiuanza mwanzo kabisa ukumbi unaweza kupoa kabla chemko halijafika, kwa hiyo weka kyuu mbili, moja kwenye ubeti wa mwisho kabla ya chemko (ili watu wautambue wimbo, wapige kelele kidogo) na nyingine kwenye chemko lenyewe. Na usiiamini sinki (kitufe kinacholinganisha kasi ya nyimbo mbili chenyewe) hapa. Mpiga ngoma wa enzi zile alikuwa binadamu, studio ya Redio Tanzania bendi ilikuwa inapiga live, kasi inapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja, kwa hiyo gridi ya programu (mistari inayoonyesha kila biti ilipo) inapotea. Unga kwa masikio, au kata tu mwishoni mwa mstari uingize nyingine, inakubalika.

Kwenye BPM (idadi ya biti kwa dakika), amapiano nyingi ziko kwenye 110 hadi 115, bongo fleva ya kucheza 95 hadi 110 hivi, singeli inavuka 200 mara nyingi, na programu huwa inaisoma nusu, ngoma ya 210 inaandikwa 105. Usiirekebishe ukadhani ni kosa! Hiyo ndo njia yako ya kuvuka: bongo fleva ya 105 inakaa sawa sawa na singeli ya 210, biti moja kwa mbili, unaingiza singeli chini kwa chini, unakata besi ya ile ya kwanza, unaachia. Kuhusu kii (ufunguo wa sauti za wimbo, programu inauandika kwa namba na herufi), 8A na 9A na mambo hayo, ni nzuri kujua, ila harusini watu watakusamehe kii kugongana kabla hawajakusamehe waimbaji wawili kuimba kwa pamoja. Na bongo fleva nyingi sauti inaanza mapema sana, hakuna intro ya kuungia, kwa hiyo tengeneza lupu (kipande kinachojirudia) ya baa 4 sehemu yenye biti tupu uisevu kabisa.

Sauti za mafaili: MP3 ya kbps 320 inatosha. Faili la kbps 128 lililozunguka WhatsApp ukilipeleka kwenye spika kubwa linasikika limekabwa, na kulibadilisha liwe 320 hakurudishi kilichokwisha kukatwa. Nyimbo za zamani zina sauti ndogo, zisawazishe nyumbani kwenye geini (kiwango cha sauti cha kila wimbo).

Beba fleshi mbili zinazofanana, zifomatiwe FAT32 maana mashine nyingi za zamani hazisomi NTFS wala exFAT, na kama unatumia Rekordbox (programu ya kupangia nyimbo za dijei) eksipoti kutoka humo humo, ukikopi mafaili kwa mkono kyuu zako zote hazitaonekana kwenye CDJ (mashine ya kupigia inayosoma fleshi). Bando la kustrimu lisiwe ndo tegemeo, kumbi nyingine mtandao hausomi kabisa.

Rikwesti zichukue kwa MC tu. Na kesho yake, kabla hujasahau, pitia historia ya ulichopiga, zile zilizojaza uwanja zipe nyota, zile zilizokausha zitoe kwenye mafungu.