Kuendesha programu za DOS kwenye Synchronet ndani ya Windows

Synchronet ni programu ya kuendesha BBS, yaani kompyuta ambayo wageni huingia kutoka mbali kusoma ujumbe na kucheza michezo. Programu ya DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, iliyoandikwa kwa ajili ya BBS (kwa kawaida ni mchezo) inaamini jambo moja: upande wa pili wa waya kuna modemu. Haijui telnet wala soketi, njia za kuunganishwa kupitia mtandao. Kazi yako yote ni kuidanganya, na ikishtuka mahali popote, mgeni wako ataona skrini nyeusi tu.

Kwanza hakikisha una Windows ya biti 32. NTVDM, kile kipande kinachoendesha DOS, hakimo kwenye Windows ya biti 64, kwa sababu prosesa ikishaingia hali ya biti 64 haiwezi tena kujifanya 8086, prosesa ya zamani ya biti 16. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo unabaki na Windows 10 au za kabla yake. Muda wa kawaida wa huduma wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025, ndiyo maana mimi huiweka kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) isiyo na kazi nyingine.

Hatua ya 1. Washa NTVDM kwenye orodha ya vipengele vya Windows, chini ya Legacy Components.

Hatua ya 2. Weka mchezo kwenye folda yenye jina fupi, mfano C:\MILANGO\VITA. Majina ya DOS hayazidi herufi 8, kisha nukta na herufi 3. Nafasi kati ya maneno usiziweke kabisa.

Hatua ya 3. Uendeshe mchezo peke yake, bila BBS, kwa ile njia yake ya kuchezea hapo hapo kwenye kompyuta. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashinda siku nzima wakiilaumu Synchronet. Ukiona "Runtime error 200", mchezo uliandikwa kwa Pascal ya Borland: unapoanza hupima kasi ya prosesa kwa kuhesabu mizunguko na kugawanya kwa 55, na kwa mashine za leo jibu halienei tena kwenye biti 16. Kiraka cha TPPATCH hurekebisha faili la EXE lenyewe. Weka nakala yake pembeni kwanza.

Hatua ya 4. Fungua SCFG, programu ya mipangilio ya Synchronet, ingia External Programs, kisha Online Programs, uongeze mchezo wako. Vipengele vya kuangalia kwa makini ni hivi:

- Start-up Directory: C:\MILANGO\VITA
- Command Line: VITA.EXE %f
- Native Executable: No
- I/O Method: FOSSIL or UART
- BBS Drop File Type: DOOR.SYS

Alama %f inaupa mchezo njia kamili ya faili lenye taarifa za mgeni, hapa DOOR.SYS. Michezo mingine hutaka namba ya nodi (laini ambayo mgeni ameingilia), nayo ni %#. Soma maelezo yaliyokuja na mchezo. Hakuna kanuni moja.

Hatua ya 5. Kwenye mipangilio ya mchezo wenyewe, ukipewa kuchagua, chagua FOSSIL, yaani dereva inayosimama kati ya mchezo na modemu. Hapo mchezo utaomba huduma kupitia intarapti 14h (wito maalumu wa mfumo), badala ya kuchokonoa chipu ya COM, yaani UART ya lango la modemu, moja kwa moja na kuilazimisha NTVDM kuiga kila mguso.

Hatua ya 6. Ingia kwa telnet kama mgeni, ufungue mchezo. Skrini ikibaki nyeusi, usitoke. Nenda kwenye folda ya nodi, fungua DOOR.SYS kwa Notepad, utazame mstari wa kwanza. COM1: ni sawa. COM0: maana yake mchezo umeambiwa mchezaji kakaa mbele ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo hautumi chochote nje. Ukikuta COM1: na bado kimya, rudi hatua ya 5: mara nyingi mchezo umeachwa kwenye hali ya majaribio ya hatua ya 3.

Multiple Concurrent Users iache No mpaka maelezo ya mchezo yaseme wazi kwamba unakubali nodi nyingi. Mimi niliweka Yes kwa haraka. Wachezaji wawili wakaandika faili moja kwa wakati mmoja, na mmoja akaamka na dhahabu ya mwenzake na jina lisilosomeka.