SOMO: Kuvuka Bonde la Kerio kwa baiskeli, Iten hadi Kabarnet (soma lote kabla ya kuuliza)

Imeandikwa na GiaNdogo

Kila mwezi naulizwa yale yale: Kerio naanzia upande gani, niweke gia gani, mbona tyubu ya fulani ilipasuka karibu na Tambach. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Somo hili ni la watu wa Nairobi wenye baiskeli za barabara. Wenye baiskeli za milimani mtanisamehe.

1. Njia. Unalala Iten, mita 2,400. Asubuhi unashuka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach na Biretwo hadi daraja la Cheploch kwenye mto Kerio, mita elfu moja na kidogo. Kisha unapanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000. Jumla ni takriban kilomita 55, lami mwanzo hadi mwisho. Usianzie Kabarnet. Ukuta wa Iten utaukuta saa saba mchana jua likiwa utosini, na una mita zaidi ya 1,300 za kupanda badala ya 1,000.

2. Usafiri. Basi hadi Eldoret, kisha kilomita 35 hivi hadi Iten kwa matatu au kwa miguu yako. Kwenye buti ya basi toa pedali na gurudumu la mbele, laza baiskeli upande wa cheni ukiangalia juu. Wenye breki za mafuta, chomekeni kadibodi ngumu kati ya pedi mara tu gurudumu linapotoka. Mzigo ukilalia leva bila diski kuwemo, pistoni zinasukumwa nje, pedi zinafungana, na gurudumu halirudi tena bila kuzitenganisha.

3. Gia. Mbele meno 34, nyuma 32 au zaidi.

4. Maji. Chupa mbili za mililita 750. Jaza tena Biretwo hata kama moja bado imejaa, kwa sababu bondeni joto hupita nyuzi 30 na mlima wa Kabarnet hauna huruma.

5. Kuondoka. Saa kumi na mbili na nusu, kukipambazuka. Wakati huo barabara za Iten zimejaa wakimbiaji, makundi ya watu ishirini, thelathini. Hao wako kazini. Pita kwa nafasi, usijiunge nao, usipige kengele mgongoni mwao.

6. Mteremko. Hapa soma polepole. Mimi nilisoma baada ya tyubu kupasuka.

Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, kushuka mita 1,300 kunatoa nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukiachia mwendo, sehemu kubwa inachukuliwa na upepo unaokupiga kifuani. Ukiburuta breki njia nzima, inaingia kwenye rimu au diski. Rimu ikishika moto, cha kwanza kulegea si tyubu bali utepe wa rimu, ule unaofunika matundu ya spoku chini ya tyubu. Ule wa plastiki unalainika, unateleza pembeni, tundu la spoku linabaki wazi, tyubu inavimba na kuingia humo, halafu inatobokea kwa ndani. Ndiyo maana watu wanaikagua tairi weee, wasione mwiba.

Kwa hiyo, kabla hujatoka Nairobi, vua tairi zote mbili uangalie utepe. Kama ni wa plastiki na unasogea ukiusukuma kwa kidole gumba, weka wa kitambaa. Kiraka kiwe cha solusheni kilichokauka vizuri. Vile vya kubandika bila gundi vinabanduka kwa joto. Rimu za kaboni zenye breki za kubana ukingo ziache nyumbani, na tyubu za lateksi usizifikirie kabisa.

Barabarani: kaa wima upanue kifua, acha baiskeli iende, kisha kabla ya kona kamata breki zote mbili kwa nguvu sekunde mbili tatu, achia, ingia kona ukiwa umeshapunguza. Usibane katikati ya kona. Simama Tambach dakika kumi hata kama hujachoka. Dondosha tone la maji kwenye rimu; likichacharika, subiri zaidi. Usiiguse kwa kidole, na diski ya moto usiimwagie maji ya chupa, inaweza kupinda.

Matuta kwenye vituo vya biashara mengine hayana rangi wala kibao. Bodaboda huteremka wamezima injini kuokoa mafuta, hutawasikia. Na mbuzi: mama akishavuka usikanyage pedali, mtoto wake bado yuko kichakani upande ule mwingine.

7. Cheploch. Vijana wanaruka kutoka mwambani hadi mtoni. Ukipiga picha toa chochote. Wewe usiruke, mto una mamba.

8. Kupanda Kabarnet. Kilomita kama 20. Nenda kwa pumzi inayokuruhusu kuongea. Saa mbili si aibu.

9. Kurudi. Magari ya Nakuru yapo Kabarnet. Mwenye miguu aendelee hadi Marigat, kilomita kama 40, ni kushuka karibu mita 1,000 tena. Hatua ya 6 inarudi yote.

Barabara ya kaskazini kuelekea Arror na Tot haimo kwenye somo hili. Kuna nyakati usalama huko si mzuri, kwa hiyo usiende bila kuuliza wenyeji siku hiyo hiyo. Na msimu wa mvua, Machi hadi Mei, ukingo huu humwaga mawe na tope. Maporomoko ya Chesongoch ya Aprili 2020 yalikuwa kwenye ukingo huu huu, kaskazini zaidi.

MASWALI

Zimmer254: Mkuu ni kilomita ngapi kwa jumla? Na naweza kuja na baiskeli ya gia moja isiyo na breki ya nyuma?

GiaNdogo: Hatua ya 1. Hapana.

KifuaMbele: Nimeshuka pale mara tano nimebana breki mwanzo hadi mwisho, sijapata hata pancha. Mnatisha watu bure.

GiaNdogo: Una kilo ngapi? Rimu gani? Utepe gani? Mtu wa kilo 58 mwenye diski za milimita 160 anaweza kushuka hivyo na asione kitu. Somo nimewaandikia wa kilo 85 wenye rimu za alumini na utepe uliokuja na baiskeli, na hao ndio wengi. Wewe endelea tu.

DadaWaRongai: Shikamoo mwalimu. Swali la kutaka kuelewa: nilidhani anayeshuka polepole ndiye salama. Mbona rimu za mwoga ndizo zinazopikika?

GiaNdogo: Marahaba dada, swali zuri. Kuna mambo mawili yanayovutana. Ukienda polepole kabisa, kama mtu anayetembea haraka, unashuka mita chache kwa dakika, joto linaingia kidogo kidogo na rimu inapata muda wa kulitoa. Ukienda kasi, upepo unafanya kazi ya breki, na nguvu yake inakua haraka kuliko mwendo wako. Pabaya ni katikati. Kwenye mteremko wa asilimia 7, ambapo ungefika kilomita 60 hivi kwa saa bila breki, kubana mfululizo ukiwa kwenye kilomita 30 hadi 40 kwa saa ndiko kunakoingiza joto jingi zaidi. Na huo ndio mwendo wa mwoga. Kama unaogopa kasi, na si kosa kuogopa, shuka polepole kweli kweli na usimame mara nyingi. Pale Tambach tu hapatoshi, simama kila kilomita tatu.

DadaWaRongai: Asante, sasa naelewa kwa nini breki zangu hunuka nikishuka Corner Baridi, kule barabara ya Magadi.

Zimmer254: Si upepo wa tairi upunguzwe pia, bondeni kuna joto?

GiaNdogo: Hili angalau ni swali. Haina haja. Jaza psi 75 Iten kukiwa na nyuzi 15, ukifika mtoni kwenye nyuzi 35 utakuwa na kama 79. Joto la hewa halipasui tairi, ni la breki. Ukipunguza sana utagonga rimu kwenye shimo.

Cheni_Kavu: Kwa wasio na nafasi ya kwenda Iten mwezi huu, mazoezi yanayofanana ni Corner Baridi hadi Olorgesailie na kurudi. Karibu mita 1,000 za kushuka, joto lipo, malori ni machache kuliko Mai Mahiu. Ukingo wa Mai Mahiu mimi siushauri kwa mtu yeyote, malori yanakubana ukutani. Mwenye hamu ya kuliona kanisa dogo la Waitaliano aende na matatu.

GiaNdogo: Naunga mkono. Ila rudini kabla ya saa nne, barabara ya Magadi haina kivuli.

Cheni_Kavu: Na tahadhari moja: maembe ya bondeni ni matamu, lakini usiyabebe kwenye mfuko wa mgongoni ukipanda Kabarnet. Juisi inaingia mgongoni, inakauka, nyuki wanakufuata.

DadaWaRongai: Nyuki kweli?

Cheni_Kavu: Bonde lina mizinga kila mti, dada. Kula hapo hapo, nawa mikono, kisha upande.