SOMO: Kupaka chungu rangi za udongo wa Dodoma (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, haya maswali yamejirudia mno, nayajibu yote hapa. Rangi ninazosema ni za udongo wenyewe, zinazochomwa pamoja na chungu. Rangi ya dukani huungua. Ukiitaka, paka baada ya kuchoma, na chungu hicho kiwe pambo tu.

1. Chota udongo wa rangi, anika, twanga.

2. Loweka usiku kucha, ikiwezekana kwa maji ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukungu mweupe.

3. Koroga, ngoja dakika moja mchanga utue, mimina uji wa juu kwenye ndoo nyingine ukiuchuja kwa kitambaa. Utulie, umwage maji ya juu hadi ubaki mzito kama mtindi.

4. Jaribu kwenye kigae, ukichome. Unachokiona shambani sicho kitakachotoka motoni: udongo wa njano hugeuka mwekundu, na weusi wa mbuga ni mabaki ya mimea, huungua. Mweupe utone limau. Ukitoa povu una chokaa, ambayo ikichomwa sana hunyonya unyevu baadaye, huvimba na kubandua vipande.

5. Kupaka. Wengi huharibu hapa. Chungu kiwe nusu kikavu: kidole hakibonyezi, ukucha unachora, na ukikigusisha shavuni bado ni baridi. Kikiwa kibichi kitalegea. Kikikauka, kitanyonya maji ya uji ghafla. Rangi itanywea ilhali chungu kimeshamaliza kunywea, nayo itapasuka na kupukutika, pengine baada ya moto ukidhani umefaulu. Upepo wa Agosti hapa hukausha mdomo na upande mmoja kwanza, hivyo funika gunia bichi tangu mwanzo. Paka matabaka mawili au matatu membamba, ukingoja mng'ao wa maji upotee kila mara. USILOWESHE chungu kilichokwisha kukauka, kitapasuka.

6. Sugua kwa kokoto laini.

7. Kausha kivulini wiki nzima, choma.

Kongwa: Rangi ya ukutani inafaa?
— Aya ya kwanza.

Mpwapwa: Yangu imebanduka, nifanyeje?
— Ulipaka kikiwa na hali gani? Ulichuja? Ulijaribu kigae? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kondoa: Nataka matabaka ya makorongo ya huku, mwekundu na mweupe visichanganyike.
— Swali zuri. Tangulia na mweupe chungu kizima, kisha mwekundu juu yake. Mwekundu hufunika vizuri, mweupe juu ya mwekundu hutoka waridi. Mwekundu ukikauka kidogo, kwaruza mistari kwa mwiba, weupe utatokeza. Udongo mwekundu ukinywea sana, changanya nusu kwa nusu na ule uliofinyangia. Kazitazame pia picha za kale za miambani huko kwenu Kolo: nyekundu na nyeupe zinatosha kabisa.

Bahi: Nyeusi tutaipata wapi basi?
— Kwenye moshi. Kitoe chungu kikiwa bado chekundu kwa moto, kizike kwenye pumba za mpunga (kwenu hazikosekani), funika debe, ziba kingo kwa mchanga. Lakini wekundu nao utakuwa mweusi.

Kondoa: Kwa mistari myembamba natumia unyoya wa kuku.
— Wa bawa ni bora. Punguza ncha kwa wembe, na uji uongezewe maji kidogo, la sivyo hautateremka.