Kabla ya kwenda Pangandaran: jua kwanza unafikia tarafa gani

Pangandaran, kwenye pwani ya kusini ya Jawa Magharibi nchini Indonesia, ni jina la wilaya nzima, la tarafa moja ndani yake, na la kijiji ndani ya tarafa hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, omba anwani kamili: desa, yaani kijiji, kecamatan, sawa na tarafa, kisha kabupaten, ambayo ndiyo wilaya. Nyumba ya wageni ya Batu Karas hutangazwa kuwa iko Pangandaran, na ni kweli, ila iko tarafa ya Cijulang, kilomita 30 hivi magharibi ya mji wenyewe.

Wilaya ina tarafa 10. Sita zinagusa bahari: Kalipucang, Pangandaran, Sidamulih, Parigi, Cijulang na Cimerak. Langkaplancar na Cigugur ziko vilimani, na Padaherang na Mangunjaya ziko bara upande wa mto Citanduy. Wilaya hii ilimegwa kutoka Ciamis mwaka 2012, kwa hiyo usishangae ramani ya zamani ikiandika Ciamis. Mwenye shughuli katika ofisi ya bupati, mkuu wa wilaya anayechaguliwa kwa kura, aende Parigi. Huko ndiko makao makuu.

Lakini ninalolisisitiza kuliko yote ni bahari. Tarehe 17 Julai 2006, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 7.7 lilipiga chini ya Bahari ya Hindi. Lilitikisa polepole mno hata wengi ufukweni hawakulihisi, au walilihisi wakaendelea na shughuli zao. Chini ya saa moja baadaye maji yalikuwa yameshafika. Zaidi ya watu 600 walikufa katika pwani ya kusini ya Jawa, na Pangandaran ni miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Basi usisubiri kuta zitikisike. Mtikisiko hafifu unaodumu, au maji kurudi nyuma ghafla, inatosha kukufanya uondoke bila kungoja king'ora.

Uondoke kwenda wapi? Hapo ndipo jiografia inapokuwa na kazi. Mji umekaa kwenye shingo nyembamba ya nchi, bahari mashariki na bahari magharibi, na kusini yake rasi yenye msitu wa hifadhi ya Pananjung. Mtu anayekimbia ufukwe mmoja bila kujua njia anaweza kujikuta anaelekea ufukwe wa pili. Siku ya kufika, kabla jua halijazama, tafuta vibao vilivyoandikwa "jalur evakuasi", yaani njia ya kukimbilia usalama, uifuate moja kwa miguu hadi mwisho. Ukiwa na watoto au mzee, pima mwendo wao, si wako. Na uulize mwenyeji wako wao hukimbilia wapi usiku.

Masika yao huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Machi au Aprili. Ukitaka kupanda mtumbwi kwenye korongo la Cukang Taneuh, huko Cijulang, epuka miezi hiyo: mto hufurika, maji hugeuka matope na safari husimamishwa.

Saa zao zinatangulia za Afrika Mashariki kwa saa 4, kwa hiyo wapigie asubuhi yetu, kabla ofisi zao hazijafungwa.